Mkusanyo wa Edgar Allan Poe: mmeiua "The Gold-Bug", halafu mnanijibu vile?

Kitabu pepe hiki kimenichoma roho. Kinauzwa kwenye duka moja la mtandaoni, hadithi na mashairi ya Poe, yule mwandishi Mmarekani wa karne ya 19, pamoja, jalada linavutia kwelikweli. Bei siigusi, wala idadi ya kurasa. Hayo mtayaona wenyewe. Nataka kusema habari ya alama mbili tu: † na ‡.

Hadithi "The Gold-Bug" ya 1843 ndiyo iliyompatia Poe dola 100 za zawadi ya gazeti la Dollar Newspaper la Philadelphia. Kisa kinatokea Sullivan's Island, Carolina Kusini, mahali ambapo Poe mwenyewe aliwahi kukaa akiwa askari. Legrand, mhusika mkuu, anapata kipande cha ngozi, anakipasha moto, maandishi ya siri yanajitokeza. Uhondo wote wa nusu ya pili ni kumwona akiyafumbua. Anahesabu: 8 imejirudia mara 33, na herufi inayotumika mno katika Kiingereza ni e, basi 8 ni e. Kisha ;48 inajirudia mara saba, basi hiyo ni "the". Anakwenda hivyo hivyo, herufi moja inazaa nyingine, na msomaji mwenye kalamu anaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Sasa fungua nakala hii. Fumbo linapaswa kuanza 53‡‡†305. Humu linaanza 53???305. Kila † na kila ‡ imegeuzwa alama ya kuuliza, kuanzia mwanzo mpaka mwisho! Na balaa ni kwamba ? tayari ni alama halali ya fumbo hilo: ni u. ‡ ni o, † ni d. Herufi tatu zimevishwa sura moja. Ukifika kwenye jedwali la Legrand la kuhesabu kila alama imetokea mara ngapi, unakuta ? imeorodheshwa mara tatu, mara ina 16, mara ina 8, mara ina 3. Pale Legrand anapopata "thr‡?3h" na kung'amua kwamba ni "through", humu imeandikwa "thr??3h", kisha anatangaza kwa furaha kwamba amepata herufi tatu mpya, o, u na g, zinazowakilishwa na ?, ? na 3. Msomaji mgeni atasema Poe alikuwa mbabaishaji. Poe, aliyewaalika wasomaji wa gazeti la Philadelphia wamletee mafumbo yao ayafumbue!

Chanzo chake kinajulikana. Faili limepitishwa kwenye mfumo wa zamani wa herufi za kompyuta, Latin-1. Mfumo huo una ¶, ndiyo maana ¶ zote za fumbo zimesalimika, lakini hauna † wala ‡, na programu nyingi zikikosa herufi hubandika ?. Dawa ni kuhifadhi maandishi kwa UTF-8, mfumo mpya wenye alama hizo zote, tangu mwanzo. Likishaharibika, huwezi kuagiza kompyuta ibadilishe ? zote kwa mkupuo, kwa sababu haijui ipi ilikuwa o, ipi d na ipi u halisi. Lazima mtu akae na chapa iliyo sahihi, aangalie alama moja moja. Fumbo lenyewe ni mistari michache, si kazi ya siku nzima.

Niliwaandikia huduma kwa wateja na kuwaeleza yote hayo. Jibu: "Ndugu mteja, huo ndio uandishi wa zamani." Uandishi wa zamani! Hawakufungua hata ukurasa. Ningeelewa wangesema hawana mtu wa kusahihisha. Kunifanya mimi ndiye nisiyejua kusoma, hapana.

Hata hivyo, haki lazima niitende. "The Raven" humu imepangwa vizuri kuliko nakala nyingi za simu nilizoziona. Shairi hili lilitoka New York mnamo Januari 1845, lina beti 18 za mishororo sita, na anayejua mashairi yetu atalihisi haraka: mshororo wa kwanza una mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati "dreary" na cha mwisho "weary". Mshororo wa tatu nao una kina cha kati. Kwenye nakala mbovu simu huukata mshororo popote, vina vinapotea na unabaki na nathari iliyokatikakatika. Hapa ukilaza simu na kupunguza ukubwa wa maandishi, mshororo unakaa mzima, na ule mfupi wa mwisho umesogezwa ndani unavyostahili. Tena ubeti wa 14 una "Seraphim", yaani wamechukua matini aliyoyarekebisha Poe mwenyewe, si yale ya mwanzo yenye "angels". Kuna mtu anayejua kazi aliyegusa sehemu hii. Kwa ajili yake nilishafika nyota tatu.

Kisha nikasoma utangulizi. Eti Poe alifukuzwa Chuo Kikuu cha Virginia, eti alitoroka jeshini. Uongo huo ni wa Rufus Griswold, mhariri wa enzi zake, aliyemchafua magazetini kwa jina la bandia "Ludwig" siku mbili tu baada ya Poe kufariki Baltimore, Oktoba 7, 1849, kisha akaandika wasifu na kughushi barua. Arthur Hobson Quinn, mwandishi wa wasifu wa Poe, aliuanika ughushi huo mwaka 1941. Poe aliacha chuo kwa sababu ya madeni ambayo mlezi wake, John Allan, alikataa kuyalipa yote. Jeshini aliondoka kihalali mwaka 1829, akiwa sajini meja. Leo hii bado mnamuuzia mtu maneno ya Griswold kama wasifu?

Nyota moja basi, na hiyo ni ya "The Raven". Kabla hujanunua nakala yoyote ya Poe ya dijitali, fungua kurasa za kuonjea, tafuta 53 kwenye "The Gold-Bug", utazame kinachofuata. Usipoona ‡‡†, funga. Na nyinyi wauzaji, fumbo zima lililo sahihi nimewatumia kama picha pamoja na jedwali lake. Kilichobaki ni kuchapa.