TAHADHARI: "Vitambaa vya Madeira" vinavyozungushwa hapa Dodoma

Wana Dodoma, hasa wenye sendofu na kicheni pati za karibuni, kuna mama anazunguka Mtumba, Kisasa na Area D akiuza mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Anasema ni kitani kilichodariziwa kwa mkono Madeira, kisiwa cha Ureno, eti kina miaka zaidi ya mia. Seti laki tatu na nusu!

Mteja wangu kaniletea ya kwake nimrekebishie pindo. Mimi kudarizi ndiko kunakonilisha, nilipoigeuza tu nikajua. Nyuma ya kila ua kuna uzi mweupe mwembamba unaoshika ule wa rangi kwa chini. Huo ni uzi wa bobini, yaani uzi wa chini wa mashine. Anayedarizi kwa mkono ana uzi mmoja tu kwenye sindano, kwa hiyo rangi ya mbele ndiyo utakayoikuta nyuma, na ukichunguza utaona alipofichia ncha. Halafu maua yote yana kasoro ileile: jani la kushoto limeruka mshono palepale, foronya hadi shuka. Ni mkono gani huo?

Tukachomoa uzi wa kitambaa chenyewe pindoni, tukauwasha. Ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta hiyo. Kitani huungua kama karatasi, kikabaki majivu laini.

Na msibabaishwe na habari ya uzee. Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine ya kudarizi ya schiffli mwaka 1863, nayo pia hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Kitambaa kinaweza kuwa cha enzi za mabibi na bado kikawa cha mashine.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi ya Madeira ipo kweli. Miaka ya 1850 Elizabeth Phelps, binti wa familia ya Kiingereza ya wauza mvinyo, alianza kuwatafutia wanawake wa kisiwa kile soko Uingereza, na mpaka leo kazi halali hukaguliwa na kupewa alama ya uthibitisho. Huyu mama ukimuuliza alama iko wapi, anasema ilitoka kwenye kufua.

Hela anataka kwa simu, ukishatuma tu hapatikani. Mliokwisha lipa, msifute meseji ya muamala, nendeni nayo polisi. Ambao bado, mwambieni ageuze kitambaa kabla hamjatoa hata mia.