Sila ya zege la kokoto wazi: inayong'aa au inayopenya?

Ukimwuliza fundi wa Dar es Salaam zege la kokoto wazi, yaani lile lililooshwa uso kokoto zikaonekana, lipakwe sila gani (dawa ya kulikinga na maji), jibu la haraka ni vanishi ya mawe, ileile inayopakwa kwenye mawe ya ukutani. Inapendeza, sikatai. Kokoto nyeusi zinakolea, nyekundu zinawaka, na ua mzima unaonekana kama mvua imekatika sasa hivi. Ila njia yangu ya gari iko Kigamboni, haina kivuli hata cha mwarobaini, jua linaipiga kutwa na masika maji yanaifunika. Hapo vanishi inapata taabu.

Kwa hiyo kabla ya kununua ndoo nilimwomba fundi amwage kibao cha mfano pembeni ya tangi la maji, kwa kokoto zilezile za mto na mchanganyiko uleule. Aliuosha uso kwa brashi na sponji saruji ikiwa bado haijakaza. (Wapo wanaonyunyizia maji ya sukari, maana sukari huchelewesha saruji kushika, wangu alisema sukari ni ya chai.) Zege likapewa siku zake 28, likaachwa likauke, kisha tukakigawa kibao nusu kwa nusu: huku akriliki ya thina, ambayo ndiyo iliyomo kwenye makopo mengi ya vanishi hizo za kung'arisha, na huku sila ya maji yenye silani na siloksani, kemikali za jamii ya silikoni zinazopenya ndani ya zege.

Masika yalimaliza ubishi. Upande wa akriliki, ukingo uliogusa udongo uligeuka mweupe. Akriliki haiingii ndani, inatandaza utando juu ya zege. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ukikosa pa kutokea unanaswa chini ya utando huo, nao unapauka. Fundi alipitisha zailini, aina ya thina kali, kwa brashi na weupe ukaondoka, lakini hiyo ni dawa ya muda, inanuka vibaya, na inashika moto upesi. Halafu kuna kuteleza: uso uliolowa, wenye utando laini, si mahali pa kumpitisha mzee mwenye fimbo. Na matairi yaliyotoka barabarani yakiwa ya moto yanaweza kuung'oa utando wenyewe.

Silani na siloksani zinafanya kazi tofauti kabisa. Zinazama kwenye vitundu vya zege, zinashikamana na kuta za vitundu hivyo, na kuzifanya ziyakatae maji. Mvuke wa chini bado unapita, kwa hiyo hakuna kinachonaswa. Rangi haibadiliki, mng'ao haupo. Mke wangu alipokiangalia kibao aliuliza upande ule utapakwa lini. Hilo ndilo gumu la sila hii: bei yake iko juu kuliko vanishi, na huna cha kumwonyesha mgeni isipokuwa umwage kikombe cha maji aone yanavyojikusanya matone.

Njia ya gari nikaipaka hiyo. Kazi yenyewe ni nyepesi, lakini maandalizi ndiyo yanayobeba kila kitu. Chumvi nyeupe ya saruji lazima isuguliwe na kuoshwa kwanza, maana sila haiondoi kilichopo, inakifungia. Uso ukauke kweli. Tulibandika nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne tukailaza usiku kucha. Ingetoka na jasho kwa ndani tungesubiri. Tulipaka asubuhi kabla zege halijapata moto, kwa bomba la kunyunyizia dawa za shambani, na mkono wa pili ukafuata wa kwanza ukiwa bado mbichi. Ukichelewa, mkono wa kwanza unaanza kukataa wa pili. Maji ya sila yaliyotuama kati ya kokoto yafagiliwe, yakikauka yanaacha alama. Vioo na gari vifunikwe. Na usiamini sana eneo lililoandikwa kwenye kopo: linahesabiwa kwa uso laini, na kokoto wazi zina mabonde mengi yanayokunywa.

Kasoro yake kubwa ni oili. Maji inayazuia vizuri, lakini tone la injini likiachwa linazama na kuacha doa. Mimi nina gari linalovuja kidogo, kwa hiyo naweka kipande cha boksi chini yake na naona ni sawa. Mwenye gereji nyumbani atafute sila inayotaja mafuta waziwazi. Epoksi asiiguse kwa kazi ya nje, jua huichosha mpaka inatoa unga.

Akriliki sikuitupa. Ilibaki ya kutosha baraza la mbele, ambako kuna paa na zege limemwagwa juu ya nailoni inayozuia unyevu wa ardhini, na huko mke wangu amepata mng'ao wake. Tuliipaka nyembamba, mikono miwili, tukachanganya unga wa kuzuia kuteleza kwenye mkono wa mwisho. Mkono mmoja mzito unaleta mapovu, hasa kukiwa na joto.

Kuhusu kurudia, usifuate matone. Matone juu ya uso hupungua mapema kwa sababu ya vumbi na jua, hata kama ndani sila bado inafanya kazi. Mwaga maji, subiri dakika chache, yafagie. Zege likibaki na rangi yake, acha. Likiwa limekolea maji, ndipo ununue kopo jingine.