AC/DC wamerudi na Power Up: uzoefu wangu mimi mwenye mashine ya kusaga na masikio mabovu

Niseme mapema mi sio mtaalamu wa muziki, nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Chang'ombe Dodoma, mwaka wa 19 huu. AC/DC, bendi ya roki, nawasikiliza tangu niko kidato cha pili kule Mpwapwa. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea Muingereza, alivyokuwa anaondoka akagawa vitu vyake, wenzangu wakagombania viatu na taa mi nikaambulia kaseti moja, Back in Black. Ile kaseti ilikatika mara tatu nikaunganisha kwa selotepu, kwa hiyo mpaka leo nikisikia huo wimbo wenye jina la albamu kuna sehemu nategemea uruke kidogo, na usiporuka naona kama wamekosea wao.

Sasa hii albamu yao, Power Up, ilitoka Novemba 13, 2020 ila mimi kuisikiliza sawasawa ilichukua muda, na ziara yake nimeifuatilia kwa video tu, kwa hiyo naweka vyote hapa kwa pamoja, albamu na shoo.

Kwa asiyewajua kwa kifupi: bendi ilianzishwa Sydney, Australia mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Jina walipewa na dada yao aliyeliona limeandikwa kwenye cherehani, zile herufi za aina ya umeme, na dada huyo huyo ndiye aliyetoa wazo Angus apande jukwaani na yunifomu ya shule. Mke wangu ni fundi cherehani, nilivyomsimulia hilo ndio siku pekee aliyowajali hawa jamaa, akaenda mpaka kuangalia cherehani yake imeandikwa nini.

Kilichofanya nisitegemee albamu nyingine ni mambo yaliyowapata mfululizo. 2014 Malcolm akatoka kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, gitaa lake akashika Stevie, mtoto wa kaka yao. Mpiga dramu Phil Rudd akaingia kwenye kesi huko New Zealand. 2016 katikati ya ziara muimbaji Brian Johnson akaambiwa na madaktari akiendelea na shoo za viwanjani atakuwa kiziwi kabisa, akakaa pembeni, akaletwa Axl Rose wa Guns N' Roses ambaye shoo za mwanzo aliimba amekaa kwenye kiti maana alikuwa amevunjika mguu, na wapo mashabiki waliodai warudishiwe hela za tiketi. Ziara inaisha Cliff Williams wa besi naye akaaga. 2017 Oktoba akafariki George, kaka yao aliyewasimamia albamu za mwanzo, na Novemba 18 mwaka huo huo Malcolm. Nani angebaki na hamu hapo? Mi nilishawazika.

Hili la masikio ya Brian ndilo lililonigusa na ndio sababu hasa ya kuandika. Miaka hiyo hiyo na mimi yangu yalianza, usiku nikilala nasikia nyenje analia kichwani, na nyumba nzima hakuna anayemsikia ila mimi. Kazini ikawa balaa, mteja anasema nisagie dona mi nakoboa, mahindi ya mtu yashatoka meupe ndio namuona anapunga mikono, nimelipa debe za watu mpaka aibu. Mke wangu akasema ni hiyo miziki yako ya kelele na hedifoni, mama naye akaunga mkono, nikawa mshtakiwa nyumbani kwangu. Kwenda hospitali nikaingizwa kwenye kachumba nikapimwa kwa vimlio, daktari akaniambia mzee hii ni mashine, miaka yote hiyo hujawahi kuziba masikio? Sijawahi. Akasema sauti nyembamba za juu ndizo zinazoondoka, nzito bado zipo.

Halafu ndio nikaja kujua kumbe Brian naye mwenyewe alisema kilichomharibu zaidi sio muziki, ni mashindano ya magari, anaendesha gari la mbio bila kuziba masikio. Aisee nilifurahi kama nimeshinda kesi. Nikampelekea mke wangu hiyo habari akaniambia wewe na huyo mzee wako wote hamsikii kitu, endeleeni.

Kilichomrudisha ni fundi mmoja Mmarekani, Stephen Ambrose, mtu wa hivi vifaa vya masikioni ambavyo waimbaji wanavaa jukwaani, alimfuata wakahangaika kama miaka mitatu na kifaa kinachopitisha sauti kwenye mifupa ya kichwa. Brian anasimulia mara ya kwanza kilikuja kidude kikubwa kama betri ya gari. Basi wakaingia studio Vancouver, Canada, na prodyuza Brendan O'Brien, akarudi Brian, akarudi Phil, akarudi Cliff, wakatengeneza nyimbo 12 kimya kimya na zote zimeandikwa kwa jina la Angus na Malcolm, maana zimetokana na vipande ambavyo ndugu hao walikuwa wameviweka akiba siku za nyuma. Marehemu ana albamu mpya, yaani.

Tuje kwenye muziki wenyewe. Mara ya kwanza niliiweka kwenye sabufa pale mashineni na mota inanguruma, sikusikia kitu zaidi ya dufu dufu, nikasema hawa wazee wamechoka nikaachana nayo. Baada ya kama wiki mbili umeme ukakatika mchana, Novemba ile mnaijua Dodoma, joto, vumbi, watu wanaangalia mawingu ya mvua ambayo hayashuki, wateja wamekaa kwenye magunia wanasubiri. Nikavaa hedifoni, simu ina chaji nusu, nikaiweka toka mwanzo. Albamu ina dakika 41 tu, ikaisha umeme haujarudi, nikairudia. Albamu inaitwa washa umeme na mimi nimeielewa siku ya giza.

Sauti ya Brian ni ile ya kukwaruza, iko juu kabisa, yaani iko pale pale ambapo masikio yangu yameanza kudondosha. Visahani vya dramu ndio sivisikii kabisa, Phil anaweza akawa anavipiga au anafukuza nzi, sijui. Ila gitaa la ridhimu na besi vyote vipo, vimekaa kifuani, na kwa sababu miaka zaidi ya 40 hawa watu wanajenga wimbo kwa namna moja, pale nisiposikia kichwa kinajaza chenyewe. Najua Brian atapanda wapi kabla hajapanda. Nimejaribu albamu mpya za watu wengine wenye mbwembwe nyingi, kila baada ya sekunde kumi kitu kipya, nabaki naokoteza vipande tu. Hii ni mpya na nilikuwa naijua. Sijui kama mwenye masikio mazima anaweza kunielewa hapo.

Ndio maana wale wanaosema wanarudia yale yale mi huwa nawaangalia tu. Tuna kikundi cha WhatsApp cha watu wa roki hapa mjini, tupo tisa (ndio, tisa, mji mkuu mzima, wawili wamo kwa sababu ya stika) na ilivyotoka walibishana wiki nzima, mmoja wa pale UDOM akasema hii ni albamu ile ile ya 1980, Back in Black, imepakwa rangi. Nikamuuliza wewe umezaliwa wapi, akasema Bahi, hapa hapa Dodoma. Sasa mtu wa Bahi, umekua unasikia muheme, ngoma ya Wagogo, kina mama wameshika ngoma katikati ya mapaja wanapiga kitu hicho hicho mpaka mabega yanatetemeka yenyewe, kuna siku umesimama ukasema mama badilisha? Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliichukua ilimba (ile ya kupiga kwa vidole gumba) na zeze za huku kwetu akazipeleka mpaka kwa mwanamuziki Peter Gabriel Uingereza, na ilimba inazunguka palepale, inazunguka, mabadiliko ni madogo kama punje, na ndio utamu. Na baada yake ukoo umeendelea na zile zile, kama Stevie alivyoshika gitaa la baba yake mdogo. Jamaa hakunijibu, akatuma stika ya mbuzi.

Nyimbo nilizozipenda: Realize inafungua vizuri, haina salamu ndefu. Shot in the Dark ndio waliyotanguliza na mi naona ni ya kawaida, ya redioni, ila wateja wangu ndio wanayotingishia kichwa. Demon Fire kali, Brian anaanza kwa sauti ya chini kabisa kama anakutafutia ugomvi, hiyo hata mimi nasikia kila neno. Ila wangu ni wa nne, Through the Mists of Time. Mashabiki wengi wanauchukulia kama wimbo wa kumkumbuka Malcolm. Una kitu cha kulegea ambacho AC/DC hawanaga, sio huzuni, ni kama mtu amekaa nje jioni baada ya watu wa msiba kuondoka. Mwaka jana nilisafiri na SGR kwenda Dar, treni imetulia, nikaisikiliza albamu mara mbili nzima kabla ya Morogoro na huo wimbo nadhani mara tano. Kuanzia wa tisa kwenda mbele albamu inashuka kidogo, Money Shot ningeitoa mimi.

Ziara sasa, hapa nina malalamiko. Kwanza walirudi jukwaani Oktoba 7, 2023 kwenye tamasha la Power Trip huko California, shoo ya kwanza baada ya miaka 7, halafu Mei 17, 2024 wakaanza Ulaya pale Gelsenkirchen, Ujerumani. Afrika hakuna, hilo sikulitegemea, hata wangekuja uwanja wa Jamhuri hapa nani angelipia umeme wa zile spika. Shida yangu ni nyimbo. Ziara inaitwa kwa jina la albamu, mnapiga nyimbo zaidi ya 20, na za kutoka kwenye albamu yenyewe mbili tu, Shot in the Dark na Demon Fire! Wimbo wangu wa nne hawakuugusa. Najua mtu aliyenunua tiketi kwa bei zile anataka kengele ya Hells Bells ishuke na mizinga ya For Those About to Rock ilie mwishoni, lakini mbili, bana.

Pia Phil hakuwepo kwenye ziara, dramu alipiga Matt Laug, na besi Chris Chaney maana Cliff alikaa nyumbani. Wapo wanaolalamika nyimbo zinakwenda taratibu kuliko zamani na sauti ya Brian imepungua, na ni kweli, kuna sehemu anaomba watu wamsaidie, anavuta pumzi anaacha mstari. Alikuwa na miaka 76 jamani. Angus 69, na kaptula, na bado anajiangusha chini anazunguka na gitaa, mi miaka 48 nikiinama kufungua gunia nanyanyuka kwa awamu. Nilichokuwa naangalia zaidi ni sikio la Brian, kila video nasogeza picha nione kile kidude. Kuna wakati anakigusa kidogo halafu anaendelea kuimba, na mimi mkono unajikuta umepanda sikioni.

Kwa anayetaka kuisikiliza: usitumie spika ya simu, utasikia makelele tu. Sabufa sawa ila punguza besi. Hedifoni nzuri ndio yenyewe, sauti ya wastani, na kama unafanya kazi kwenye mashine, gereji au uchomeleaji nunua vile vya kuziba masikio kwanza ndio ununue hedifoni. Kijana wangu wa mashineni nimemnunulia, anavivaa shingoni.

Wimbo wa nane, Wild Reputation, sijauelewa mpaka leo, nadhani kuna kitu kwenye visahani kinanipita, mwenye masikio yake aniambie.