Alp Grüm: Stesheni ya Kushukia, Si ya Kupita

Mkazi wa Nairobi anayepanga kuzuru milima ya Uswisi mara nyingi hushauriwa akate tiketi ya Bernina Express, treni ya watalii yenye madirisha mapana inayofika hadi Tirano, Italia. Kwa maoni yangu, ni afadhali apande treni ya kawaida ya njia hiyo hiyo, ambayo haimlazimu kulipia nafasi ya kiti mapema, kisha ashuke Alp Grüm, kwenye mwinuko wa mita 2,091.

Stesheni hii ni jengo la mawe lenye mkahawa na vyumba vichache vya kulala wageni, na kwa kuwa hakuna barabara ya magari inayoifikia, kila anayekuja huja kwa treni au kwa miguu. Mbele yake kuna barafu ya kudumu ya Palü, ambayo imesinyaa sana kama zilivyosinyaa zile za Mlima Kenya, na chini kabisa huonekana bonde la Poschiavo pamoja na ziwa lake.

Hata hivyo, kinachostahili nauli hasa ni reli yenyewe. Upana wake ni mita moja, sawa na reli ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899, lakini hupanda hadi mita 70 kwa kila mita 1,000 bila msaada wa reli ya meno, yaani reli ya katikati inayoshikwa na gurudumu lenye meno ili treni isiteleze. Wajenzi wa reli yetu walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, walilazimika kwa muda kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Wenzao wa Bernina, waliokamilisha njia yao ya umeme mwaka 1910, waliipinda reli kona baada ya kona, hivi kwamba treni inayoondoka Alp Grüm hugeuka karibu nusu duara na kutokeza tena chini ya mtazamaji, ikielekea Tirano iliyo kwenye mita 429 tu.

Ukungu ukitanda, mandhari yote hupotea, na anayelalamikia baridi ya Limuru mwezi Julai asije bila koti zito. Chakula nchini Uswisi ni ghali, kwa hiyo mwenye bajeti finyu abebe chake. Kulala hapo ni kwa mwenye uwezo. Wengine watatosheka na muda wa kusubiri treni inayofuata, ambao kwa kawaida ni takriban saa moja.