Nusu seti ya gofu ya mitumba kwa wikendi ya Mombasa: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia hapa ni nusu seti ya fimbo saba: draiva ya nyuzi 10.5 (nyuzi ndizo hupima mlalo wa uso wa fimbo), mbao namba 5, vyuma namba 5, 7 na 9, weji ya mchanga ya nyuzi 56, ambayo uso wake umelala sana, na fimbo ya kumalizia kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Mfuko ni wa kubeba begani, mwepesi, wenye miguu miwili ya kusimamia. Vyote ni vya mitumba. Kazi yake ni mchezo wa Jumamosi alfajiri, na Jumapili jioni nafasi ikipatikana. Katikati ya hapo kuna soko, sinema na kanisa. Kwa mchezaji wa kawaida wa Pwani inatosha kabisa, ila fimbo za mitumba hazinunuliwi kwa macho peke yake. Zinunue kwa vidole na masikio.

Kwanza hakikisha si za mashoto. Unacheka, lakini wauzaji wengi hawachezi gofu, na fimbo ya mashoto ikiwa ndani ya mfuko haijitambulishi.

Halafu njoo kwenye shafti, ule mwili mrefu wa fimbo. Ya chuma ni bomba tupu lenye ukuta mwembamba, na hewa ya chumvi ya hapa kwetu haina huruma nayo. Kutu ya juu juu haitishi, inatoka kwa waya laini wa kusugulia sufuria na tone la mafuta. Ya kuogopa ni kutu inayotafuna. Pitisha ukucha taratibu karibu na kile kipete cheusi cha plastiki, pale shafti inapoingia kwenye kichwa. Ukucha ukishika vishimo, rudisha fimbo hiyo, kwa sababu siku moja itakatika ukiwa katikati ya pigo na kichwa kitaruka kabla ya mpira. Shafti ya grafiti, yaani ya nyuzinyuzi za kaboni, haipati kutu, lakini hupasuka. Ipitishie kipande cha pamba kutoka juu hadi chini. Pamba ikinasa, nyuzi zimeanza kuachana. Mwisho shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, sokota kinyume. Ukisikia "tik", gundi imeachia. Draiva ikitoa sauti ya kokoto ukiitikisa, mara nyingi ni punje ya gundi iliyobanduka ndani. Inakera tu, lakini itumie kupunguza bei.

Gripu, zile kava za mpira za mpini, ndizo zinazowatia watu hasara. Zikishang'aa na kuwa ngumu, kiganja chenye jasho la Mombasa hakizishiki, nawe unabana zaidi, mabega yanakaza na mpira unakwenda kando. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya seti, ongeza bei ya gripu sita za mviringo na moja bapa ya fimbo ya grini. Pima pia kipenyo cha mwisho wa shafti: nyingi za wanaume ni inchi 0.600, na gripu yake huandikwa 60 kwa ndani. Ukivisha ya 58 kwenye shafti ya 60 itavutika na kuwa nene kidogo. Ya 60 kwenye shafti ya 58 itakuwa nyembamba kidogo na huenda ikazunguka.

Kubadilisha unaweza mwenyewe, ni shughuli ya Jumamosi mchana. Bana shafti kwenye jiliwa ukiizungushia mpira au kitambaa kizito, usiibane chuma kwa chuma. Pasua gripu ya zamani kwa kisu, makali yakielekea mbali na wewe. Kwa grafiti tumia kisu chenye ncha ya ndoano, maana kisu cha kawaida kinachana nyuzi. Bandua utepe wa zamani wote. Weka mpya wa kunata pande mbili, kama sentimita 25, uuache uzidi sentimita moja na kuikunjia ndani ya tundu la shafti. Ziba kitundu cha gripu kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, mimina tapentaini ya mafundi wa rangi ndani, tikisa, kisha uimwage yote juu ya utepe mpaka utelezi uenee. Hapo usisite: sukuma gripu kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, inyooshe sawa na uso wa fimbo, iache hadi kesho yake. Gripu ikikwama nusu ya njia, sababu ni moja, ulibania tapentaini. Thina kali ya rangi usiikaribie, inaweza kuila gripu. Na fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko.

Uwanjani seti hii inajieleza vizuri. Uwanja wa mashimo 9 wa Mombasa uko juu ya mwamba, kando ya barabara ya Mama Ngina, bahari ikiwa hapo hapo. Ukitaka mashimo 18 unauzunguka mara mbili. Kusi ikivuma, mpira wa juu ni zawadi kwa bahari, na hapo chuma namba 5 kinalipa gharama yake: mpira uusogeze nyuma kidogo ya katikati ya miguu, shika gripu chini zaidi kwa upana wa vidole viwili, piga kwa nguvu ya robo tatu. Wanaopiga kwa hasira dhidi ya upepo huongeza mzunguko wa mpira, nao hupaa zaidi.

Usafiri ndio ulionifanya niipende. Ndani ya tuktuk mfuko unasimama kati ya magoti, draiva ikichungulia nje kama mbuzi wa sikukuu. Matatu ni tabu kidogo asubuhi ya soko, hasa ya kupita Kongowea, kwa hiyo ni vyema kucheza kwanza, soko baadaye. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, na mfuko wa fimbo saba hauumizi bega.

Usichoweza ni kuuacha kwenye buti ya gari juani wakati wa ibada ya Jumapili au filamu ya mchana. Gundi inayoshika vichwa hulegea kwa joto, na gripu huzeeka haraka. Jioni futa fimbo kwa kitambaa chenye maji baridi ya mfereji, kausha, kisha paka mafuta ya cherehani kwenye uso wa weji. Weji zisizo na kromu zikilala na mchanga wenye chumvi usiku mmoja tu, asubuhi zina madoa ya rangi ya chai. Vifuniko vya vichwa vya fimbo navyo vivue, vinatunza unyevu.

Baada ya kanisa hufuata viazi karai na chemsha bongo ya michezo, na mwenye nusu seti ana swali lake tayari: sheria inaruhusu fimbo ngapi? Ni 14 kwa wingi, na hakuna kiwango cha chini, kwa hiyo saba ni halali hata kwenye mashindano. Muda wa kutafuta mpira? Dakika 3 tangu 2019, zamani zilikuwa 5. Linalowakamata wengi ni la uwanja wenyewe: mbio za nyika za dunia zilikimbiwa kwenye uwanja huo huo wa gofu, Machi 2007. Zersenay Tadese wa Eritrea alishinda kwa wanaume, Kenenisa Bekele akashindwa na joto na kuacha mbio, na mshindi wa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya, alikuwa akiiwakilisha Uholanzi. Hapo ndipo meza hugawanyika.

Kasoro ya seti ni pengo kati ya chuma namba 9, ambacho kwa fimbo za zamani huwa karibu nyuzi 44, na weji ya 56. Nyuzi 12 ni nyingi, fimbo hupishana kwa 4 au 5. Ukibaki na umbali wa katikati unalazimika kupiga nusu pigo la namba 9, na nusu pigo ndilo linalokosewa zaidi. Ukipata weji ya nyuzi 50 yenye gripu nzima, nunua. Ukikosa, endelea na saba.