Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua Peponi: uzoefu wangu wa kitabu, muvi na muziki wa Unguja

Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu nunua Peponi. Mengine nitakayoyataja huko mbele yatasubiri, lakini hiki kitabu uwe nacho ndani, ukimaliza wewe mdogo wako asome. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyechukua Nobel ya fasihi 2021, kwa Kiingereza ilitoka 1994 kwa jina la Paradise, kisha Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Na tusidanganyane, wengi wetu tulimsikia huyu mzee baada ya Nobel, na hata hapo watu walikesha wanabishana yeye ni Mtanzania au ni Mwingereza, vitabu vyenyewe wala hawajafungua hata kimoja.

Sasa stori. Kuna mtoto wa miaka 12 anaitwa Yusuf, kwao huwa anakuja tajiri mmoja, Aziz, ananukia, mpole, akiondoka anamwachia sarafu, na mtoto anajua huyu ni ndugu yetu. Siku moja anaambiwa panda treni uende naye, na yeye anafurahi kwa sababu treni ni treni, kumbe hamna undugu wala nini, baba ana deni na mtoto ndiyo rehani. Anawekwa dukani na kijana mwingine, Khalil, ambaye naye yupo pale kwa deni la kwao, na jamani huyo Khalil ana mdomo! Anamtania mwenzake mchana kutwa, wateja anawapiga maneno, unacheka weee, halafu baadaye unakuja kuelewa kwa nini anaongea sana vile na kicheko kinakukwama.

Kilichonishika zaidi ni kwamba hakuna anayetoka msafi. Aziz angekuwa katili wa kupiga kelele ingekuwa rahisi kumchukia, lakini yeye ana adabu zake, anaswali, anaongea taratibu, na huku anachukua watoto wa watu. Wajerumani wanaingia bara na bunduki zao, sawa, ila mwandishi hasemi kwamba kabla yao huku kwetu tulikuwa tunakula tende na kusomeana mashairi. Ndiyo maana nasema kitabu kisomwe na wazee pia, mimi nimembishia baba yangu mdogo kuhusu hilo na bado hatujamaliza.

Kasoro? Ile safari ya kwenda bara ni ndefu, wapagazi, mnyapara Mohammed Abdalla na fimbo yake, magonjwa, hongo kwa kila chifu, kuna kurasa unachoka kama vile na wewe umebeba mzigo. Vumilia, mbele huko kwa sultani Chatu mambo yanawaka. Mwisho sisemi, ila ukifika utarudi kurasa mbili nyuma kuhakikisha umesoma sawasawa.

Kwenye muvi, nawashauri Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, ile iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Waliosoma kidato cha tano na sita hapa Bongo hili jina wanalijua na wengine bado wana kinyongo nalo sababu ya mtihani, ni riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, kaozeshwa mzee, anatoroka ndoa, anapokelewa na Mwajuma huko mtaa wa Ng'ambo, anakutana na Denge anayepigania uhuru, Unguja ya miaka ya 50 Mwingereza yupo bado. Kwa macho tu muvi ni tamu mno, vichochoro, mwanga, mvua, kanga, kila picha ungetamani uitundike ukutani, na watu hawana haraka ya kuongea kama kwenye zile tamthilia zetu ambazo mtu analia anaeleza kwa nini analia.

Lakini naomba niseme ukweli wangu. Kitabu kina utundu ambao muvi imeuacha, kitabuni Denge na wenzake wanavyowazungusha askari wa Mwingereza unaweza ukacheka mpaka jirani akagonga ukuta, kwenye muvi Denge amekuwa mtu wa huzuni tu na siasa zake zinapita haraka, asiyesoma riwaya anaweza akamaliza bila kujua hasa jamaa anataka nini. Saa moja na nusu haitoshi kwa kitabu kinene vile, naelewa, ila nimekosa vile vituko. Kama hujafanya vyote viwili anza na muvi halafu ndiyo usome, ukianza na kitabu utakaa unalalamika kama mimi hapa.

Aliyeibeba kwangu ni Mwajuma. Aliyeicheza ni Siti Amina, na hapo ndipo naingia kwenye muziki, maana huyu dada kazi yake hasa ni kuimba na kupiga udi. Tafuteni Siti & The Band, albamu Fusing the Roots ya 2018. Si mpya sana najua, ila mpaka leo naona watu wengi haijawafikia. Ni taarabu, lakini imekaa na jazi, rege, ngoma za Unguja, na haisikiki kama wametupia vitu kwenye chungu kuwafurahisha watalii. Rahma Ameir yupo kwenye fidla, Gora Mohammed Gora kwenye ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Anzeni na Nielewe halafu Ashadii. Na tafadhali vaeni hedifoni, spika ya simu inaimeza ganuni yote unabaki unasikia ngoma na sauti tu, halafu unakuja kuniambia ni ya kawaida.

Kwa wale wa kusema mimi taarabu hapana, basi Mbosso, EP yake (albamu fupi) ya 2025 Room Number 3, ule wimbo wa Pawa mmeshauchoka kwenye daladala lakini sauti ya yule kijana ina pwani ndani yake hata akiimba kitu cha klabu. Sina mengi hapo, inasikilizika, nyimbo nyingine nazirusha.

Sasa hivi nasoma Theft, ya Gurnah pia, imetoka 2025, Kiingereza, kuna Karim, Fauzia na Badar, safari hii ni Zanzibar na Dar za juzijuzi tu, watalii na hoteli zimo. Nipo pale Badar anapotuhumiwa wizi kwenye nyumba anayofanya kazi na nimeshamkasirikia kila mtu humo. Aliyemaliza asinipe mwisho.