Les Mémoires de Sherlock Holmes: kinunue kwa ajili ya hadithi ya mgonjwa wa uongo

Kwenye meza za vitabu vya zamani Lubumbashi, kitabu hiki cha hadithi za mpelelezi Holmes kina majina mawili: jalada likisema Souvenirs sur Sherlock Holmes, ni kilekile. Kabla ya kulipa, hesabu hadithi. Zikiwa 11, "La Boîte en carton" imetolewa, na huenda mwanzo wake, pale Holmes anaposoma mawazo ya rafiki yake Watson kwa kumtazama tu, umehamishiwa "Le Pensionnaire en traitement". Ndiyo sababu mwanzo na mwili wa hadithi hiyo wakati mwingine havishikani.

Na hiyo ndiyo hadithi ya kukinunulia. Mwandishi wake, Conan Doyle, alikuwa daktari. Tasnifu yake ya Edinburgh, mwaka 1885, ilihusu tabes dorsalis, yaani kaswende iliyofika uti wa mgongo. Ujuzi huo unaonekana. Mrusi mzee yuko mbele ya Daktari Trevelyan, bingwa wa neva. Katikati ya maswali anakauka kitini, macho yamekodoka. Trevelyan anapima mapigo na joto, anajaribu ukakamavu wa misuli, anaangalia refleksi. Yote ni ya kawaida, na yeye anaona hilo linalingana na wagonjwa wa katalepsia (ugonjwa wa kukakamaa ghafla) aliowahi kuwatibu. Hapo ndipo anaponaswa: vipimo visivyoonyesha kitu haviwezi kutenganisha mgonjwa na mwigizaji. Kisha anashuka kuchukua chupa ya nitriti ya amili, dawa ya kumvutisha, dakika 5 hivi, na akirudi anakuta chumba kitupu. Holmes anamwambia Watson waziwazi kuwa ugonjwa huo huigwa kirahisi, hata yeye amewahi kuuiga. Mwanafunzi wa udaktari azisome kurasa hizo mara mbili, hasa ile chupa iliyowekwa mbali.

Hadithi nyingine, "Le Traité naval", ni dhaifu kitabibu. Phelps anapoteza mkataba wa serikali, akili inamruka, anaweweseka wiki 9 kwa "fièvre cérébrale", yaani homa ya ubongo. Msomaji wa kwetu atadhani ni malaria ya ubongo au meninjaiti. Siyo: ni mshtuko uliogeuzwa homa, jina ambalo waandishi wa karne ya 19 walilipachika popote, na leo hakuna munganga angeliandika kwenye fishi. Lakini usiiruke. Zile wiki 9 zina kazi yake, na chumba alicholazwa Phelps ukiangalie vizuri tangu mwanzo.